Bendera ya Pande Mbili

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha Fundi Cherehani, na kama mguu wake mmoja umelegea, ni kwa uzito wa hoja. Asubuhi hiyo hapakuwa na pa kuweka kikombe cha kahawa: kibaraza kizima kilijaa bendera. Ofisi ya wilaya ilikuwa imeagiza bendera za mataifa mawili makubwa yasiyosalimiana. La kwanza lina askari wake upande wa kaskazini wa uwanja wetu wa ndege tangu mwaka juzi. La pili lingeshusha wa kwake upande wa kusini Jumamosi. Kwa kubana matumizi, barua ilielekeza zishonwe mgongo kwa mgongo, mwananchi apeperushe upande unaohusika.

— Na upepo ukizigeuza? aliuliza Rada, fundi redio, anayesikiliza stesheni za nchi saba na kuziamini zote.

— Barua haijataja upepo, alisema Fundi.

— Mie nawaambia, hawa wanagombea madini. Chini ya ile njia ya kurukia ndege kuna madini matupu. Ndiyo maana pale hapaoti nyasi.

— Lami inaota nyasi wapi, we Rada?

Huyo ni Balozi, tarishi mstaafu, aliyewahi kupeleka bahasha ubalozini akaishia getini.

— Wanachotaka ni saa sita yetu ya mchana, aliendelea.

— Saa sita?

— Jua linakaa utosini. Kifaru hakina kivuli. Setilaiti itakionaje? Kwao huko hata kuku ana kivuli cha ngamia!

Hoja ya kivuli si ya kubezwa kabla ya kikombe cha pili.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikajitutumua.

— Utampaje jembe mwenye kifaru? alidakia Balozi. Waache wazipige. Wapiganapo fahali wawili, nyasi hupata mbolea.

Tukacheka, Balozi akiongoza. Ndipo akaingia mama mmoja wa mtaa wa pili, akatoa kwenye mfuko sare ya jeshi. Jeshi letu sisi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Ya mwanangu hii. Mikono mirefu. Kesho anaanza lindo uwanjani, katikati, baina ya hao wageni wawili.

Alizitazama bendera, kisha sisi.

— Nyie mnaosikiliza redio, baba zangu, niambieni. Wakianza kupigana, mwanangu aelekeze bunduki wapi?

Rada alipunguza sauti ya redio, ingawa ilikuwa imezimwa. Balozi alikoroga kikombe kitupu. Fundi aliichukua ile barua, akaisoma tena hadi kwenye muhuri.

— Haijataja, mama.

— Basi nipunguzie mikono. Na ndani ya kola nishonee jina lake na la mtaa wetu.

— Jina linakaa hapa kifuani, mama. Limeshashonwa.

— Hilo la wakubwa wake. La kola ni la atakayemwokota.

Fundi alizisukuma bendera kutoka kwenye cherehani, zikaanguka chini. Hatukuangalia kwa upande gani. Balozi alisimama, akampisha mama kwenye benchi.

— Nitajie, mama, alisema Fundi.

Akamtajia herufi kwa herufi, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shule.