Historia ya Dada Waya, Mpiga Besi wa Santuri Zote Kumi

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi hii mimi mdogo wake marehemu, niliyeishia darasa la tano lakini kwa kusoma kwa sauti sijaona wa kunishinda, tena bila mabega haya yaliyobeba spika kilomita nne kila Jumamosi, bendi ya marehemu na wenzake ingepigia sufuria.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Waya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba cha kushona viatu, akasoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, 1965 hadi 1971, na tarehe 3 Mei 1976 akaajiriwa kiwanda cha betri, kitengo cha kufunga nyaya, jina likaanzia hapo.

Mwaka 1979, yeye na wenzake watatu wa zamu moja waliunda bendi, wakapiga muziki mkavu, wa hasira, usiochezeka, ambao leo vijana wa nchi tusizozijua wanauiga mpaka kikohozi, na besi aliipiga yeye, nasema yote, kwa kidole gumba chenye kovu la mashine.

Tarehe 14 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwalimu, mwingine fundi umeme.

Juni mwaka jana, mwimbaji wa bendi hiyo, huyu aliyeketi safu ya pili na miwani ya jua ya kufichia macho makavu, alitoa kasha la kumbukumbu, santuri kumi za kila walichorekodi, na kitabu cha kurasa themanini chenye picha zake thelathini na moja, dada yetu akiwa kiwiko tu, ukurasa wa kumi na mbili, kilichosalia baada ya kumkata pichani kwa mkasi, na penye mpiga besi pameandikwa "marafiki mbalimbali".

Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, kasha lake mwenyewe hakulisikiliza, maana santuri ya saba, upande wa pili, katikati ya nyimbo mbili, dada anasikika wazi, "Wewe kuku, ngoja besi iingie kwanza, nikwambie mara ngapi?", naye mwimbaji anajibu kwa adabu zote, "Samahani, Waya."

Tarehe 6 Januari mwaka huu dada alilazwa kwa maradhi ya figo, shemeji akamsikilizisha kipande hicho kwenye simu, dada akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, kisha akampigia mwimbaji, akaomba chapa ya pili ya kasha imtaje, hakutaka kingine, akajibiwa, "Mambo ya zamani hayo, dada, tutaona." Alifariki tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, hajaona.

Tunawashukuru madaktari wa wodi namba sita, majirani waliopika na kufua, na wenzake wa kiwandani, wasiosahau nani alifanya nini.

Ratiba inasema anayefuata ni mwimbaji, kwa salamu za bendi, na chapa ya pili inaingia mitamboni Jumatatu, kwa hiyo kaka, machozi kaa nayo, sisi tuambie tu nani alipiga besi, kipaza sauti hiki hapa, watu mia tatu wanakungoja.

Dada Waya, wewe pumzika kwa amani, yeye asipumzike kwanza.