"Endelea": Shukrani za Fundi Viatu kwa Daktari Jenta

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari wetu unayestaafu leo, wauguzi, ndugu wageni waalikwa,

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wagonjwa. Mimi ni fundi viatu tu. Mgonjwa alikuwa mke wangu, naye hawezi kufika.

Daktari wetu mnamwita Daktari Jenta, na jina hilo amelitolea jasho. Mtoto mchanga mwenye bakteria kwenye damu, sindano ya jentamaisini. Mama mwenye figo zilizoingiwa na bakteria, jentamaisini. Mimi nilipokuja na mafua, nilikimbia kabla hajafungua droo.

Wala dawa siisingizii. Mke wangu aliletwa akitetemeka kwa homa ya figo. Siku ya tatu akaketi kitandani, akaniuliza nani anamwagilia maua yake. Nililia kwa furaha. Daktari akaandika kwenye karatasi ya dawa, "Endelea." Kesho yake, "Endelea." Alipokwenda likizo, aliyemshikia nafasi naye akaandika "Endelea." Nani angethubutu kumkatiza mkubwa?

Siku ya kumi na mbili mke wangu akaniambia, "Zima hiyo redio, bwana." Redio hatukuwa nayo. Daktari aliporudi akamuuliza, "Umelalaje, mama?"

"Nimekula, asante."

Wodi nzima ilicheka, nami nilicheka. "Mama ana utani, huyu amepona," Daktari akasema, akaandika. Mnajua alichoandika.

Dawa hii ikipitiliza siku zake huharibu masikio na figo: masikio yalitangulia, figo zikafuata. Damu ya kupima figo ilichukuliwa siku ya ishirini, kwa ustadi mkubwa.

Sasa nasikia Daktari ameandaliwa mkataba mpya wa miaka miwili: leo tunamuaga kwa keki, Jumatatu yupo wodini. Hongera sana. Ila kabla ya saini, Mheshimiwa, naomba kila mgonjwa wa dawa hii aandikiwe siku ya kuacha siku ileile anapoanza, na figo zake zipimwe mapema. Nawe Daktari, mgonjwa akijibu usichomuuliza, usicheke. Kicheko changu mimi bado nakisikia.

Karatasi mpya ya dawa nimeichora mwenyewe, kwa rula ya kupimia soli. Ina nafasi ya tarehe ya kuacha. Naiweka hapa mezani, kando ya keki. Kalamu anayo Mkurugenzi, nami sina haraka, nitasimama hapahapa.

Asanteni kwa kunisikia.