Nyeusi, Nyekundu na Njano ya Pazia

Asubuhi ya Siku ya Katiba, mwaka ule wa 1922, benchi la kona pale Sudenburg, mjini Magdeburg, lilikuwa limejaa mapema kuliko kawaida. Mama Trude alishaweka birika lake la kahawa ya shayiri. Kahawa yenyewe ya kweli tuliisahau tangu vitani. Alwin Krahl, fundi viatu, ambaye kijiweni wanamwita Soli, alikaa mwisho kabisa, mgongo umegusa ukuta, chini ya dirisha la nyumba yake mwenyewe, mahali ambapo mkewe hawezi kumwona asipoinama kuchungulia. Ndani ya koti alikuwa ameificha bendera ya jamhuri. Mkewe, Lina, aliishona usiku tatu, akamkabidhi asubuhi aitundike. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya Meja mstaafu, bendera ya zamani ya Kaisari ilikuwa inapepea tangu alfajiri. Na Meja na marafiki zake ndio wenye nusu ya viatu vilivyomo kwenye karakana ya Alwin. Basi Alwin akamwambia mkewe anakwenda kutafuta msumari, akaishia benchini.

— Hii jamhuri haifiki Krismasi, alisema Jemadari. Jemadari ana mguu mmoja. Wa pili ulibaki vitani, Ufaransa. Akaongeza: Waziri mzima anapigwa risasi barabarani, mchana kweupe! Serikali gani hiyo?

— Lakini si tuliandamana? alijibu Gazeti, kondakta mstaafu wa tramu, anayesoma vichwa vya habari tu na kubuni vilivyobaki. Mwezi Juni, alipouawa waziri huyo, mji mzima ulitoka. Hata Soli alikuwepo. Au siyo, Soli?

— Nilikuwepo, alisema Alwin.

Alikuwepo kweli, na alilia. Lakini kwenye umati mtu huna jina. Dirisha, kila mpita njia anajua ni la nani.

— Kuandamana si kitu, Jemadari akasema. Kaisari anarudi. Kule Uholanzi alikokimbilia anakata miti kutwa. Mzee mzima na shoka! Unadhani ya nini?

— Ya kuni, alijibu Gazeti.

— Kuni! Wewe nawe! Anaunda meli, bwana. Atapanda na mto mpaka hapa Magdeburg.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mkono mtupu haulambwi, alisema Gazeti kwa heshima zote.

— Sasa hiyo inahusu nini hapa?

— Shoka si liko mkononi? Basi inahusu.

Mama Trude akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie wanaume hamjui kitu. Shida ya jamhuri ni manyoya. Kaisari alikuwa na kofia ya manyoya, farasi, ngoma. Huyu Rais wetu anavaa koti kama mjomba wangu. Mvisheni manyoya ya mbuni mawili tu, muone kama hata Meja hatampigia saluti.

— Manyoya kwa huyo fundi matandiko ya farasi! Jemadari akatema mate. Mtu wa sindano na ngozi, atawale Wajerumani?

Hapo Alwin akahisi moto kifuani. Yeye mwenyewe ni mtu wa sindano na ngozi, miaka arobaini sasa. Siku aliposikia fundi matandiko amekuwa Rais, alizima taa ya karakana mapema akaenda kumwambia Lina, na wawili wale walikaa mezani wakitazamana kama wachumba. Alitaka kuyasema hayo. Akainywa kahawa yake.

— Mimi nakwambieni, Gazeti aliendelea, tukiwahesabu wanaoipenda jamhuri kwa dhati, Ujerumani nzima wanaingia kwenye tramu moja.

— Na viti vinabaki!

— Na kondakta ni Meja!

Wakiwa katika kicheko hicho, akaja Bi Herta Lohmann, mjane aliyehamia mtaani wiki ile. Mikononi alibeba kitambaa kimekunjwa, na uso ulikuwa umemwiva kwa haya.

— Samahanini, wazee wangu. Nimeshona bendera, nataka kuitundika. Rangi ipi inakaa juu?

Jemadari akamtazama Gazeti. Gazeti akamtazama Mama Trude. Mama Trude akafunua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu limo humo.

— Nyekundu, nadhani... alisema Gazeti.

— Ah wapi! Njano. Au? akasema Jemadari.

— Miaka mitatu sasa, Bi Herta alisema polepole, na hakuna anayejua?

Alwin aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akainua uso kuelekea dirishani.

— Mama Emil! Rangi ipi inakaa juu?

Kichwa cha Lina kikatokeza.

— Nyeusi! Baba Emil, unafanya nini hapo chini na bendera yangu? Fundi viatu mzima unakwenda kutafuta msumari!

Benchi zima likageuka kumtazama. Alwin akafungua koti, akaitoa. Njano ilikuwa ya pazia la jikoni, nyekundu ya foronya. Nyeusi Mama Trude aliitambua mara moja, akaweka kikombe chini.

— Hilo si gauni lake la msiba? Wa Emil?

— Ndiyo, alisema Alwin. Mama Emil alisema, mwanetu alikufa vitani chini ya ile ya Meja. Hii ndiyo aliyoipigia kura yeye, mama mtu.

Alwin akapanda ngazi.

Lina alikataa kumwachia nyundo. Gauni ni lake, alisema, na msumari ataupiga yeye. Akapanda kwenye kiti, naye Alwin akapiga magoti kukishika kiti kwa mikono miwili. Kutoka chini Jemadari akapaza sauti, yule yule wa meli ya Kaisari:

— Kushoto kumelegea, shemeji! Vuta! Hapo hapo!

Bendera haijatulia bado, mlango wa ng'ambo ukafunguka. Mtumishi wa Meja akavuka barabara mbio, akasimama chini ya dirisha.

— Fundi Krahl! Bwana Meja anataka viatu vyake. Vyote, hata visivyokwisha. Sasa hivi!

Nyundo ikasita. Lina akamtazama mumewe kutoka juu, na machozi yalikuwa karibu.

— Mwambie asubiri, alisema Alwin kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Nimeshika kiti cha mke wangu.