Bwana Alinirudishia Akili Zangu Barabara ya Mbale

Tumsifu Yesu Kristo! Naona walioketi nyuma hawajaitikia. Tumsifu Yesu Kristo! Hapo sawa. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa furaha, na leo sikuja kuwaliza. Kama kuna atakayetoka machozi, basi iwe kwa kucheka.

Naitwa Silvesta, ila wengi hapa Jinja mnanijua kama Baba Veronika. Nilizaliwa upande wa Kenya, Bungoma, nikaja huku kijana kuendesha lori. Mke wangu Agatha ni Mgisu wa Mbale. Sisi Wabukusu na Wagisu ni ndugu, lugha zetu zinasikilizana, kwa hiyo sisi wawili tukigombana hakuna anayeweza kusingizia kwamba hakusikia.

Mwanzoni nilimwendeshea Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale mjini. Wahindi walipofukuzwa, duka likapewa bwana mmoja wa jeshi, nami nikapewa yeye pamoja na lori, kana kwamba mimi ni moja ya taa zake. Mnaoikumbuka miaka ile hamna haja ya kuelezwa. Sukari ilikuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Mche wa sabuni uliufungia sandukuni. Na ukimuaga jirani asubuhi, ulimuaga vizuri, maana hukujua kama jioni mtaonana.

Basi siku moja, tukisubiri kupakia mzigo, dereva mwenzangu mmoja wa Mafubira akaniwashia msokoto. Bangi. Njaga, kama wanavyoiita huku. Ndugu zangu, sitawadanganya kanisani: niliipenda! Hofu yote ya askari ilinitoka kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Nilimwona kunguru juu ya paa nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikasema, kumbe dunia ni tamu hivi? Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kuingia nyumbani nilivuta kwanza.

Na nilikuwa Mkatoliki wa Misa kila Jumapili! Sikuona kosa lolote. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nikampa Agatha: "Mke wangu, majani aliyeyaotesha ni Mungu. Wazee wa kwenu wanakunywa pombe ya malwa kwa mirija kutwa nzima, na padri akipita anawasalimia. Pombe inapiganisha watu. Mimi sipigi mtu, siibi, nacheka tu. Dhambi iko wapi?"

Agatha alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Akasema, "Unacheka na nani, Silvesta? Sisi tuko hapa. Wewe uko huko."

Nikaona ni maneno ya mwanamke aliyechoka. Nikaendelea kucheka.

Sasa nisikilizeni hapa. Miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na majirani zetu Wasoga walikiogopa kama walivyoiogopa bunduki yenyewe. Mimi nilikuwa nacho tangu utoto. Kwa hiyo ikawa desturi kule kwetu Mafubira: ukiitwa na askari, unakwenda na Silvesta. Mama mmoja alinyang'anywa baiskeli, nikaenda nikasema "afande" mara nyingi mpaka koplo akajiona jenerali, baiskeli ikarudi. Mungu alikuwa amenipa ulimi kwa ajili ya watu wake, nami nikadhani ni mali yangu ya kuringia.

Veronika alipozaliwa, tukakubaliana abatizwe Mbale, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa miguu na alitaka kumwona mjukuu wake akipata Sakramenti. Bahati nzuri lori lilikuwa linakwenda huko kuchukua kahawa. Tulisafiri pia na katekista wetu, Mzee Yohana, Msoga mwembamba mwenye kofia ya majani, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "jambo" na "hapana". Mapajani alibeba kikapu chenye chupa za divai ya Misa. Parokia ya kule divai ilikuwa imekwisha kabisa, na padri wetu alikuwa ameigawa ile kidogo aliyokuwa nayo ili wenzetu wasikose Misa. Mzee Yohana alikikumbatia kile kikapu kama mtoto wa pili ndani ya gari.

Akaniambia kwa Kisoga, "Mwanangu, nilikuwa naogopa safari hii. Lakini wewe upo."

Nami, ndugu zangu, nilikuwa nimetoka nyuma ya ghala dakika ile ile. Nilikuwa nimevuta. Kidogo tu, nilijiambia, ya safari.

Tukapita Iganga salama. Mbele ya Bugiri tukakuta kizuizi cha askari: gogo katikati ya barabara, askari watatu, na afande wao amekaa juu ya debe.

"Simamisha! Toka inje! Nyinyi natoka wapi?"

"Jinja, afande."

"Nini iko ndani ya kikapu?"

Jibu lake ni neno moja: divai. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza analijua. Nililitafuta kichwani sikulipata. Nikaiona kalisi, nikamwona padri ameiinua, na kengele inalia, na mdomo wangu ukasema, "Damu."

"Damu?"

"Damu, afande!" Nikaangua kicheko.

Nikasikia bunduki inakokiwa. "Damu ya nani? Nyinyi naua nani?"

Na hata katekisimu nilikosea! Kabla ya padri kuigeuza altareni ile ni divai tu, ndugu zangu, divai kama divai nyingine. Lakini nani angewaeleza wale askari? Walimvuta Mzee Yohana kwa ukosi, wakamkalisha chini mikono kichwani. Akanitazama. Alikuwa ananingoja niseme, kama nilivyowasemea wengine. Nikafungua mdomo, kikatoka kicheko kingine. Ndani nilikuwa nalia, nje nacheka, na sikuweza kukizuia. Sijapata kuwa mbali na watu hivyo maisha yangu yote, nao walikuwa hatua chache tu kutoka pale niliposimama.

Ndipo Agatha akashuka na mtoto mgongoni. Agatha, ambaye Kiswahili alikisikia sokoni tu!

"Afande, hapana damu. Iko divai. Padri ya Mbale nakunywa kwa Misa. Muzee hii iko katekista, iko muntu ya Mungu. Mutoto hii kesho nabatizwa."

Afande akaninyooshea kidole. "Na bwana yako nacheka nini?"

Angeweza kusema nina malaria. Angeweza kusema nimerukwa na akili tangu utoto, na wangeamini. Agatha akamtazama usoni, akasema, "Yeye navuta njaga, afande."

Afande akachukua chupa, akaifungua, akanusa, akampa Mzee Yohana aonje yeye kwanza. Yule mzee akafanya ishara ya msalaba, akanywa funda dogo, akafuta mdomo kwa heshima. Afande akacheka mpaka akaegemea lori. Wenzake nao wakacheka. Mzee Yohana akaruhusiwa kusimama. Aleluya!

Kisha afande akanijia mimi, karibu kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu, na nilisikia harufu ile ile ninayoijua. Akasema polepole, wenzake wasisikie:

"Mimi navuta juu ya kazi hii. Nisipovuta, nikilala naona watu. Wewe iko na bibi kama huyu. Iko na mutoto. Wewe nakimbia nini?"

Ndugu zangu, kwa mara ya pili siku ile Kiswahili kiliniishia. Mpaka leo ninapowaombea marehemu na walio hai, namwombea na mtu yule.

Akajibakizia chupa moja ya divai, akaniamuru nikae kwenye changarawe juani "mpaka kichwa narudi". Nikakaa. Jua la saa sita likanipiga utosini. Mara nikaona kivuli. Nikainua macho: Mzee Yohana amesimama juu yangu na kofia yake ya majani, ananikinga. Mtu niliyekaribia kumuua kwa kicheko! Hapo bangi yote ikaniisha, nikalia kama Veronika.

Tulifika Mbale jioni. Nikaenda moja kwa moja kwa Padri Matayo, mzee wa pale parokiani, nikapiga magoti kwenye kiti cha maungamo. Nilipomaliza, nikamtolea na ile hotuba yangu ya majani na malwa, kwa sababu bado ilikuwa inanisumbua.

Hakunifokea. Akauliza, "Ukinywa malwa kidogo na wazee, unatafuta nini?"

"Kukata kiu, Padri. Na kuongea nao."

"Na ukivuta?"

Nikafikiri. "Kuondoka."

"Haya. Ukinywa malwa mpaka uondoke, dhambi ni hiyo hiyo, usidhani nawaachia wazee wako. Akili si nguo ya kuvua ukijisikia joto, Silvesta. Ndiyo unayompendea Mungu, ndiyo unayomjulia jirani. Wewe unavuta ili Silvesta asiwepo. Basi jirani akija anamtafuta Silvesta, atamkuta nani?"

Nikasema, "Padri, naogopa. Miaka hii naogopa sana."

Akasema, "Sote tunaogopa, mwanangu. Huo woga ulete hapa, tuugawane."

Mnajua alinipa kitubio gani? Nilitegemea rozari mpaka magoti yaote sugu. Akasema, "Kila jioni, saa ile ile uliyokuwa ukivuta, kaa na watu wa nyumbani kwako, uwasimulie jambo moja uliloliona siku hiyo." Basi! Nikadhani ameniachia.

Kesho yake, mbele ya maji ya ubatizo, padri akauliza kama tunamkataa Shetani. Nikapiga kelele "NAMKATAA!" kwa sauti iliyomwamsha Veronika akalia, na baba mkwe wangu na miguu yake mibovu akacheka mpaka akashikwa asianguke. Divai ilitosha. Misa ilisomwa.

Sasa msidhani nilirudi Jinja nikiwa malaika. Usingizi ulinikimbia, mikono haikutulia, na yule rafiki yangu wa Mafubira alinicheka kila siku. Na kile kitubio kilikuwa kigumu! Jioni ya kwanza nilikaa na Agatha nikasema, "Nimeona ng'ombe."

"Wa rangi gani?"

Sikujua! Nilikuwa nimempita. Nikagundua kwamba miaka ile yote nilikuwa nasafiri bila kuona. Kesho yake nikamtazama ng'ombe vizuri, nikamtazama na mwenye ng'ombe, nikaleta hadithi ndefu kidogo. Agatha akacheka, nami nikacheka, na tulikuwa tunacheka jambo moja. Ndugu zangu, hakuna msokoto unaoweza kukupa hicho! Baada ya muda majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Mzee Yohana akaja. Siku moja na yule dereva mwenzangu akaja, akasema amepita tu, akakaa mpaka chai ikaisha. Woga ulikuwepo bado, ila tukiwa wengi ulikuwa mwepesi kuubeba.

Na askari walipomkamata jirani yetu kwa mche wa sabuni, wakidai ni magendo, mkewe alikuja mbio kumtafuta Silvesta. Na Silvesta alikuwepo! Nilikwenda, nikasema kwa adabu, kichwa kikiwa safi, na yule jirani alikula chakula cha jioni nyumbani kwake. Sifa zote kwa Bwana!

Nimemaliza. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Maria, namshukuru na Agatha, ambaye amekaa pale mstari wa pili akitikisa kichwa kwamba nimetia chumvi. Sijatia.

Najua kuna vijana hapa ambao mifuko yao haijatulia tangu nianze kusema. Sikukuja kukuhukumu, kijana wangu. Najua raha yake na najua unachokimbia. Padri amekaa kwenye maungamo pale upande wa kushoto, na foleni ni fupi. Mwamini Yesu, anakutaka wewe mzima, pamoja na woga wako wote. Ukiona haya kusimama peke yako, mimi naenda kusimama sasa hivi, maana hata wiki hii ninayo ya kwangu ya kuungama. Njoo nyuma yangu.