Macho Haya Kayatoa Wapi?

Ndani ya basi la mji wa Busan, Korea, bibi mwenye kikapu cha figili alimwinamia mtoto aliyepakatwa na mama aliyeketi kando yake. "Kope za juu hazina mkunjo, kama zangu!" Akamwinulia mama macho. "Lakini zako zinao, mwanangu. Macho haya kayatoa wapi?"

"Kwa babake, bibi," mama akajibu, upesi mno kwa maoni yangu niliyeketi nyuma yao.

"Ajabu hiyo mikunjo. Dada yangu ana mkunjo kwenye jicho moja tu. La pili hujikunja akikosa usingizi."

Basi likasimama. Kituoni baba wa mtoto alipunga mkono, kope zake zimekunjika kama marinda yaliyopigwa pasi. Bibi akamtazama, akamgeukia mama: "Kumbe! Nyote wawili mlipasuliwa kope kuwekewa mkunjo, na daktari mmoja?"

Mama akamfunika mtoto uso, akashuka.