Nilisoma Karatasi ya Kwanza Pekee

Ndugu zangu wauza mitishamba, mwenyekiti amenipa kiti lakini sitakikalia. Tangu yale yaliyonipata, nikikaa tu miguu inaanza kucheza, na kabla sijajua niko mlangoni. Niacheni nitembeetembee hapa mbele. Mama watoto ameketi pale nyuma karibu na dirisha. Nikidanganya atakohoa.

Wengi mnanijua. Niliacha shule darasa la sita. Nilianza na gunia moja la mizizi kando ya barabara pale Kiganjo, na leo niko na duka Kiganjo, duka Naro Moru na duka Nanyuki. Hakuna aliyenishika mkono. Kuna mtu ako na diploma, hata kibanda hana! Sisemi ni nani, wacha kucheka.

Sasa, kuna mzizi mmoja wa maumivu ya magoti. Jina silitaji, maana nawajua, kesho mtakuwa msituni na majembe. Huo mzizi ulinipa jina. Lakini kila nikisimama sokoni, lazima kijana mmoja msomi atokee: "Mzee, hayo ni maji ya mizizi tu. Ushahidi uko wapi?" Neno hilo liliniwasha kama upupu.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa bayolojia aliyestaafu, mama mpole wa Nyeri mjini, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia wanasayansi wako na maghala kwenye mtandao. Unaandika jina la kitaalamu la mmea, ghala linakuonyesha kemikali zilizomo. Unabonyeza kemikali moja, linakuonyesha inagusa jeni gani mwilini na inapitia njia gani. Na ni bure. Nikamwambia, "Mwalimu, nifundishe." Tulikaa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, siku tatu. Ya nne nilikuwa natafuta mwenyewe, kidole kimoja, Kiingereza cha kuokoteza. Ndugu zangu, nawaambia, hii kichwa si ya kawaida.

Siku moja, bila mwalimu, nikaupata mzizi wangu. Nikaipata kemikali yake kubwa: mchoro mzuri kama sega la nyuki lenye mikia, na chini yake maneno kwamba inapunguza uvimbe. Nikaruka! Msichana wa saiba akaniuliza, "Guka, nitoe zote? Ni karatasi nne."

"Toa ya kwanza. Mambo iko hapo."

Nikaiweka kwenye fremu, nikaitundika nyuma ya kaunta. Nikaipunguza, nikaibandika kwenye chupa. Yule kijana msomi alipokuja nilimwonyesha kwa kidole tu. Aliisoma, akaenda zake. Nilitembea mji mzima siku hiyo.

Tangazo langu kubwa lilikuwa mama watoto. Yeye alikuwa amepata damu iliyoganda mguuni, hospitali ikampa tembe za kuizuia isigande tena. Tembe za kila siku. Na magoti yalikuwa yanamsumbua. Nikamwekea kikombe asubuhi, kikombe jioni. Magoti yakatulia. Nikawa namsimamisha mbele ya wateja: "Mama, hebu tembea waone."

Wiki ya tatu akaniita jikoni. "Mzee, hebu angalia mkono yangu. Nimejigonga wapi?"

Mkono ulikuwa na madoa meusi. Na akipiga mswaki, ufizi unatoa damu. Nyinyi wenzangu mnajua nilimjibu nini, maana ni jibu letu sote. Nilisema, "Ni uchafu unatoka. Dawa inafanya kazi." Nikamwongezea kikombe cha mchana.

Siku mbili baadaye tulikuwa shambani tunachimba viazi. Damu ikaanza kutoka puani, ikakataa kusimama. Leso ikajaa, kitenge kikajaa. Nikampakia kwa gari, nikaendesha hadi Nyeri mkono mmoja ukishika usukani na mwingine ukishika kichwa chake.

Daktari akaangalia vipimo, akaniita kando. "Mzee, dozi yake haijabadilika, lakini damu imekuwa nyepesi sana. Anakunywa kitu kingine?"

Hapa ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Si pale shambani. Ni hapa. Nilimwangalia daktari machoni, nikafikiria fremu yangu, nikafikiria yule kijana, nikasema, "Hapana. Chai tu."

Nikatoka kwenye korido. Nikakaa, nikasimama. Nikaenda hadi geti, nikarudi. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikajikuta naenda mbio kwa miguu hadi saiba, nikampigia mwalimu simu. Alikuja na ndara za nyumbani.

"Ulisoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Mpaka mchoro."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alishuka na ule ukurasa polepole mpaka chini kabisa. Hapo kulikuwa na jina la jeni, na ramani yenye mishale. Akaniambia, "Wewe si ndiye unayefungulia watu maji kwenye mradi wa Naro Moru? Basi angalia. Huu ni mfereji. Tembe ya mama inaingia hapa, inafika kwenye ini, na hapa kuna lango la kuitoa. Hiyo jeni ndiyo inayotengeneza lango. Kemikali yako inalifunga."

"Na maji yakiendelea kuingia?"

"Yanajaa. Kila siku tembe, na haitoki." Akaweka kidole kwenye orodha ya dawa zinazopita lango hilo. Tembe ya mama watoto ilikuwa ya tatu. "Hii ni ya maabara, inaweza kuwa tofauti kwa mtu. Lakini inatosha kumwambia daktari. Simama!"

Tukaprinti zote nne. Nilimpa daktari, nikamwambia, "Nilikudanganya." Alisoma, akaita nesi, wakaanza kumpa dawa ya kurudisha damu iwe nzito. Mama watoto alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Akasema, "Kwa hivyo kikombe ilikuwa inanimaliza, na wewe unanitembeza mbele ya watu?"

Ndiye huyo amekohoa. Mmesikia? Lakini hapa sijadanganya, ndivyo alivyosema.

Alipona. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru daktari ambaye hakunifukuza, na mwalimu wa ndara. Fremu niliivunja mwenyewe. Bado nauza, lakini hakuna chupa inayotoka dukani kabla sijauliza, "Unameza dawa gani ya hospitali?" na kuitafuta kwenye ghala mpaka mstari wa mwisho. Nami nawaomba nyote mfanye hivyo. Msiojua, njooni, nitawafundisha. Mimi ni mwalimu mzuri kuliko wote hapa.

Wote walionunua zile chupa nimewatafuta, nyumba kwa nyumba. Nimewapata wote isipokuwa mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi wa Doldol. Alimnunulia mamake chupa mbili. Alisema mama huyo ni mgonjwa wa moyo, na mimi sikuuliza anameza nini. Simu yake haishiki. Leo ni siku ya soko huko, gari liko nje na lina mafuta.

Mwenyekiti, kiti nilikuambia sikihitaji. Mama, twende.