Udongo Uliochekechwa

IKUPA: Haloo? Nani huyo? Arafa katoka kidogo, dukani nipo mimi tu.

LUGANO: Mama! Ni mimi, Lugano. Shikamoo.

IKUPA: Marahaba, mwanangu. Ugonile?

LUGANO: Ndaga, mama, sijambo. Afadhali nimekupata kwenye simu ya Arafa. Unanisikia?

IKUPA: Kuna mkwaruzo. Ngoja nisogee mlangoni— haya. Sema, msomi wangu!

LUGANO: Mama, usiniite—

IKUPA: Nikuiteje? Jumapili Mwenyekiti Ambwene kasimama kanisani, katangaza kwamba mtoto wa kijiji chetu, Lupepo, kapima ardhi yetu huko chuoni Dar, na krasha ya mwekezaji, hiyo mashine ya kusaga mawe, haitabomoa nyumba ya mtu. Vigelegele, we! Mimi nimekaa pale mbele, shingo juu.

LUGANO: Kwani kesho wanaiwasha kweli?

IKUPA: Asubuhi. Wameisimika nyuma ya kwa jirani yetu Tupokigwe. Alitaka kuhama, maskini, na miguu yake ile mibovu. Nikamwambia wewe lala, Lugano kasema.

LUGANO: Mama, lile gunia la udongo ulilonitumia—

IKUPA: Si lilifika salama?

LUGANO: Lilifika. Tuliumwaga kwenye sanduku kubwa, tukapanga vinyumba vidogo juu, na kamota ka kutikisa pembeni, ndiyo krasha yenyewe hiyo. Vinyumba vikatulia tuli. Sasa leo mwalimu wangu, Dokta Ezron, kaushika huo udongo mkononi. Kaniuliza mbona laini hivi? Rungwe si kuna vile vijiwe vyepesi vya volkano?

IKUPA: Vipo tele! Nilivitoa.

LUGANO: Uli— ulivitoa?

IKUPA: Vyote. Nikauchekecha kwa chekeche la unga, nikauanika mkekani ukakauka vizuri, maana ulikuwa tope tupu.

LUGANO: Mama...

IKUPA: Sasa ningepeleka uchafu chuo kikuu? Waseme mama yake Lugano mchafu? Hata ndizi nikikutumia nazipangusa. Nikaushindilia kwa mchi, gunia likajaa, likapendeza. Kwani nimekosea?

LUGANO: Hapana. Hujakosea.

IKUPA: Lugano. Nimekuzaa mimi. Sema.

LUGANO: Ule haukuwa udongo wa Lupepo tena. Ukishakauka na kushindiliwa, mtetemo unafia njiani. Lakini huo wa hapo nyumbani umelowa, haujashikana. Ukitikiswa unacheza kama uji sufuriani. Na nyumba zenyewe za tofali mbichi—

IKUPA: Yesu wangu. Tupokigwe!

LUGANO: (mkwaruzo) ... sikia kwanza...

IKUPA: Mimi na usafi wangu! Nitaificha wapi sura hii?

LUGANO: Siyo wewe, mama! Ni mimi. Nilitakiwa nije mwenyewe. Nichimbe, nikate bonge zima na unyevu wake, nilifunge kwenye nailoni. Na kwenye ripoti nimeandika kwamba nilikuja.

IKUPA: Uliniambia una mitihani.

LUGANO: Sikuwa na mitihani. Rafiki yangu Jairo alikuwa anaoa, mimi nipo kwenye kamati ya harusi... nikaona Rungwe mbali.

IKUPA: Harusi. (mkwaruzo)

LUGANO: Mama? Mama, upo?

IKUPA: Nipo. Mimi nasema mwanangu kakonda kwa kitabu, kumbe unacheza mduara harusini. Mwalimu wako anajua?

LUGANO: Nilimjibu kwamba udongo wa kwetu ndivyo ulivyo. Mbele ya darasa zima. Leo hii, mama, nimedanganya tena. Naona aibu.

IKUPA: Aibu ikae pembeni. Kesho watu wanawasha mashine.

LUGANO: Naenda kwake sasa hivi, awapigie simu wenye krasha. Na wewe mwambie Ambwene asimamishe. Mwambie... mwambie kuna kipimo kimoja kidogo kimebaki.

IKUPA: Unataka na mimi nidanganye? Nitamwambia mwanangu hakuja, na mimi nilichekecha. Hivyo hivyo. Halafu nampitia Tupokigwe, leo analala kwangu.

LUGANO: Watakucheka, mama.

IKUPA: Wacheke.

LUGANO: Vocha inakata— nikija kuchimba nitashukia njia ya nyuma, giza likishaingia, watu wasini—

IKUPA: Utapita barabara kubwa, mchana! Tena nitakuwa pembeni yako, nimebeba jembe.

LUGANO: Mama, nisa—

IKUPA: Haloo? Lugano? ... Haloo? Arafa! Njoo uchukue simu yako, imekata. Yule si Mwenyekiti Ambwene pale kwenye kibanda cha chai? Hebu mwite. Hapana, ngoja. Nakwenda mwenyewe.